Barabara kwanza, viwanja baadaye

Dar es Salaam ya mwaka 2050 haichorwi Posta. Posta na Kariakoo maghorofa yanapanda juu ya mitaa iliyopimwa zama za Mjerumani na Mwingereza, na lolote litakaloongezwa huko litafuata mistari ileile. Jiji la kesho linakatwa wiki hii Chanika, Msongola, Kivule na Mbagala ya ndani, na nje ya mkoa kabisa: Vikindu, Kisarawe, Mlandizi, Mapinga. Wanaolikata ni mwenye shamba la mikorosho, dalali wake, mnunuzi aliyedunduliza akiba kwa miaka, na mjumbe wa nyumba kumi aliyeitwa kushuhudia. Ofisa mipango miji hayupo. Atakuja baada ya miaka kumi au kumi na mitano, na pengine atakuja na kopo la rangi nyekundu ya kuchora X ukutani.

Tazama sensa. Kati ya 2002 na 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Miaka kumi iliyofuata ukatoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, wastani wa asilimia 2.1 hivi. Mtu angeweza kusema jiji limeanza kutulia. Lakini katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Pwani ulipanda kutoka watu milioni 1.1 hadi kupita milioni 2. Jiji halijatulia, limevuka mpaka. Mpango kabambe wa Dar es Salaam unaishia mto Mpiji. Nyumba haziishii hapo, na anayelala Mapinga anaamkia kazini Mwenge. Halmashauri za Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, ambazo kwa miaka mingi zilizoea kuhudumia wakulima wa mihogo na korosho, ndizo zinazolipokea jiji sasa, na wapimaji wao ni wa kuhesabu.

Sasa tuangalie jinsi kiwanja kinavyouzwa, maana hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Mzee ana ekari mbili. Mtoto anaenda chuo, au kuna mgonjwa, au mzee mwenyewe amechoka kulima. Dalali anamletea mteja wa kwanza, wanapima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, wanapanda mche wa minyaa au wanachimbia jiwe kila pembe. Hati ya mauziano inachapwa steshenari kwa fomu ambayo tayari ipo kwenye kompyuta, majina tu ndiyo yanayobadilishwa. Mashahidi wa pande zote wanasaini, mjumbe anasaini, kisha safari ya ofisi ya serikali ya mtaa kupata mhuri, na mara nyingi kunatajwa asilimia kumi ya bei kwa ajili ya ofisi ya mtaa, ambayo serikali kuu imeshaikemea mara nyingi. Jioni ile mnunuzi ni mwenye kiwanja. Hakuna aliyefanya jambo la kipumbavu. Mnunuzi amepata mahali pa kuweka matofali yake kwa bei anayoiweza, bila kupanga foleni ya miaka kungoja kiwanja cha serikali.

Ni njia tu ndiyo iliyosahauliwa, au tuseme haikuwa na mtetezi mezani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukiikata yote kwa viwanja vya mita ishirini kwa ishirini unapata viwanja kumi. Ukiacha robo kwa ajili ya barabara na mtaro unabaki na saba. Mzee anaambiwa atoe viwanja vitatu sadaka kwa watu asiowajua, huku akijua jirani yake wa juu aliuza vyote kumi na hakuna aliyemuuliza. Hata angekuwa na moyo wa kuacha, barabara yake ingegonga ukuta wa yule jirani. Kwa hiyo anaacha futi nane au kumi, bajaji ipite, na akiba kidogo ya kichochoro kwa wa nyuma. Kosa haliko kwenye tabia ya mzee. Barabara inahitaji wenye mashamba kumi wakubaliane kwa siku moja, na wao wanauza kwa shida zao, kila mmoja kwa mwaka wake.

Gharama ya zile futi nane huja polepole. Kwanza ni tofali na mchanga kushushwa barabara kuu na kubebwa kwa toroli, kwa malipo ya ziada. Halafu bomba la maji la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, linalopita kifuani mwa uwanja wa mtu na kuzua ugomvi. Halafu choo. Watu wengi wa jiji hili wanatumia vyoo vya shimo, na shimo likijaa linahitaji gari la kunyonya majitaka. Gari lisipofika, kinachobaki ni kungoja mvua kubwa ya masika, usiku, mwenye nyumba anatoboa ukuta wa shimo na kuliachia lifuate maji. Uswahilini tunaita kutapisha choo, na kila mtu anajua nani ametapisha, kwa sababu asubuhi harufu ina anwani. Kipindupindu kikiingia tunahubiriwa usafi wa mikono. Ni kweli, mikono inawe. Lakini ile njia ya futi nane haitajwi kwenye tangazo hata siku moja, wala haitajwi nyumba inapoungua huku gari la zimamoto likiwa limesimama mita mia mbili mbali, wala mjamzito anapobebwa kwa kiti cha plastiki hadi barabarani.

Maji nayo yana njia yao, na hayaheshimu hati ya mauziano. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kumwaga baharini karibu na daraja la Selander. Kila tunapofika Aprili tunazungumza Jangwani: barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, maji yameingia karakana. Karakana hiyo ilijengwa bondeni, uamuzi ambao bado sijasikia mtu akiutetea kwa sauti. Lakini maji ya Jangwani hayazaliwi Jangwani. Yanazaliwa huko juu, kwenye mashamba yaliyokuwa na mikorosho na majani na sasa yana mabati na udongo uliotifuliwa, kwenye vijito ambavyo vimechimbwa mchanga wa kujengea hadi kingo zikaporomoka. Mchanga huo unashuka, unajaza mto huku chini, na mto uliojaa mchanga unatafuta pa kupita.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Serikali ikawagawia viwanja Mabwepande familia zilizotolewa mabondeni. Ilikuwa huruma ya kweli, ila Mabwepande ni upande wa Bunju, na mama aliyekuwa akiuza samaki wa Feri au vitumbua vya asubuhi Kariakoo alijikuta nauli inakula mtaji. Baadhi waliuza au waliacha viwanja na kurudi. Mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 zikaja bomoabomoa bondeni. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, unaojumuisha kupanua mto na kujenga daraja jipya la Jangwani. Nauunga mkono mradi huo. Daraja lilihitajika jana. Ila kila kiwanja kinachokatwa bila mtaro Kinyerezi na Kivule kinaandaa kazi mpya kwa daraja hilo kabla halijamaliza miaka yake.

Tuna mfano wetu wenyewe wa kufanya kinyume, na ajabu ni kwamba tunaupita kila siku bila kuuona. Kuanzia 1974 Tanzania, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilifanya miradi ya viwanja na huduma katika miji kadhaa. Sehemu fulani ilikuwa pori na mashamba: Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Huko serikali ilipima kwanza, ikachonga barabara, ikaweka maji, kisha ikagawa viwanja vidogo, vingi chini ya mita za mraba 300. Haikujenga nyumba. Sehemu nyingine tayari watu walikuwa wamejaa, Manzese ikiwa maarufu kuliko zote, na huko serikali iliingiza barabara, mabomba na taa katikati ya nyumba zilizokwishajengwa. Nia ilikuwa moja na kipindi kilikuwa kimoja, na Sinza na Manzese si mbali. Unatoka moja kwenda nyingine kwa miguu.

Tembea leo uone. Sinza mitaa imenyooka, nyumba nyingi zimepanda ghorofa, mabomba na nyaya zina pa kupita, na kiwanja kidogo cha mwaka 1978 kinabeba jengo la fremu chini na wapangaji juu. Manzese ina maisha, ina biashara, ina watu ninaowapenda, lakini ukiacha barabara chache za mradi, ndani bado unapita ubavu. Mwaka 2021 kundi la wachumi, baadhi yao wa London School of Economics, walichapisha utafiti wa maeneo ya miradi hiyo katika miji saba ya Tanzania. Walikuta kwamba miongo kadhaa baadaye, palipopimwa kabla ya watu kuingia pana nyumba bora na ardhi ya thamani kubwa kuliko palipoboreshwa baada ya watu kujaa. Maboresho yale ya katikati ya nyumba yalichakaa, wakati mistari iliyochorwa porini ilidumu. Bomba hufa na taa huungua. Upana wa barabara ndio unaobaki.

Hapa msomaji makini atanishika koo, na ana haki. Sinza ya leo inakaliwa na nani? Miradi ile ilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Utafiti huohuo unaonyesha kwamba maeneo yaliyopimwa kwanza yalivuta watu waliosoma zaidi kuliko maeneo yaliyoboreshwa. Kiwanja kikipanda thamani, maskini anashawishika kuuza, na akiuza anakwenda kununua kwingine ambako hakujapimwa. Ndiyo maana jiji jumuishi, yaani la watu wa vipato vyote, likitamkwa kwenye semina mimi huuliza kwanza: viwanja vingapi, vya ukubwa gani, kwa bei gani?

Jibu la miaka ya 2000 tunalijua. Mradi wa viwanja 20,000 ulianza Dar es Salaam mwanzoni mwa muongo ule kwa mkopo wa Hazina, na mauzo ya viwanja yakatumika kuurudisha. Kifedha lilikuwa wazo zuri, linajiendesha. Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, Buyuni zilipimwa. Lakini viwanja vilikuwa vikubwa, bei ikawa ya wenye mishahara minene na wenye ndugu ughaibuni, na vingi vikakaa miaka vikiota nyasi vikisubiri kupanda bei, huku mwenye shida ya kweli akivipita kwenda kununua ishirini kwa ishirini mbele yake. Jiji likalazimika kuruka viwanja vitupu ili kukua, na kila anayeruka analipa nauli ya umbali huo maisha yake yote. Kiwanja kikubwa kinachoitwa cha mpango bora kinaweza kuwa ukuta wa kumzuia maskini kuliko hata sheria. Sinza ilifanikiwa kwa kuwa na viwanja vidogo, na kwa kuwa vilikuwa vingi. Haitoshi kupima vizuri. Inabidi kupima kwingi kiasi kwamba kiwanja kilichopimwa kiache kuwa bidhaa adimu.

Njia tuliyoizoea kwa sasa ni urasimishaji, yaani kupima baada ya watu kujenga. Sitaubeza. Mtu aliyepata hati baada ya miaka ishirini ya wasiwasi halali tena na roho mkononi, na benki inamsikiliza. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Hao hawawezi kuambiwa wasubiri jiji jipya. Lakini nenda kwenye mkutano wa urasimishaji usikilize. Barabara ya mita sita inatakiwa ipite, na kila mwenye ukuta anakubali ipite, ilimradi ipite kwa jirani. Kamati inasuluhisha wiki hadi wiki. Mama mjane mwenye vyumba viwili anaombwa atoe mita mbili, na mita mbili ndizo chumba cha mpangaji anayemlipia mtoto ada. Kampuni za upimaji zimekusanya michango mitaa mingine, kisha kazi ikasimama, hadi serikali ikalazimika kuingilia na kuweka bei elekezi. Kinachopatikana mwishoni mara nyingi ni ramani nzuri ya vichochoro vilevile, sasa vikiwa na namba.

Na barabara kubwa ikichelewa, bei ni nyingine kabisa. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Tubishane tutakavyo juu ya nani alikuwa ndani ya hifadhi ya barabara na nani hakuwamo, na kesi zilikuwepo. Lililo wazi ni kwamba hifadhi ilikuwa kwenye vitabu vya sheria na haikuwa ardhini. Watu walijenga, wakaunganishiwa umeme na shirika la umma, wakalipa kodi ya majengo, wakazeeka. Mstari usioonekana kwa macho ni mtego.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni mpango mdogo, karibu wa aibu kwa udogo wake. Kila halmashauri inayopokea jiji ichore mambo matatu tu kwenye mashamba ambayo hayajauzwa: barabara za kukusanya magari kila baada ya kilomita moja hivi, zikiungana na za halmashauri jirani, vijito na mabonde pamoja na upana wake wa mafuriko, na maeneo ya shule, soko, zahanati na makaburi. Haya ya makaburi tunayasahau mpaka siku ya msiba. Mengine yote, mitaa ya ndani, ukubwa wa kila kiwanja, duka liwe wapi, waachiwe wenye mashamba na wanunuzi kwa kanuni chache rahisi. Halafu greda ipite. Hilo la greda ni la lazima. Ramani iliyo kwenye droo ya wilaya hailindi kitu, lakini barabara ikishachongwa, hata bila kifusi wala lami, wenyeji wanaanza kuitumia, dalali anaanza kuitangaza, na mwenye kiwanja kinachoitazama hatakubali mtu ajenge katikati yake, kwa sababu bei yake imesimama juu ya ile njia. Hatukuwa na mlinzi wa bei rahisi kuliko huyo.

Na mzee wa ekari mbili? Hapa ndipo penye kazi ya kisiasa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati, na halmashauri ikifikiria kutwaa kila shamba, hesabu inaishinda kabla haijaanza. Ndiyo maana inakaa kimya, na ukimya wake ndio unaotujengea vichochoro. Njia ya kati ipo: wenye mashamba wa eneo moja wanaunganisha mipaka yao kwenye meza moja, kila mmoja anatoa sehemu ileile ya ardhi, tuseme robo, kwa ajili ya barabara na maeneo ya umma, na anarudishiwa iliyobaki ikiwa imepimwa. Viwanja saba vyenye barabara vinaweza kuuzwa kwa zaidi ya kumi visivyo nayo. Mzee hahitaji kuhubiriwa uzalendo hapo, anahitaji kuonyeshwa hesabu na kuhakikishiwa kwamba jirani naye atatoa. Kampuni binafsi zinazouza viwanja vilivyopimwa kwa mkopo Kigamboni, Mkuranga na Bagamoyo zimeshaigundua hesabu hiyo, na kwa upande huu zimewatangulia watumishi wa umma. Kasoro yao ni moja kubwa: kila kampuni inapanga shamba lake kana kwamba dunia inaishia kwenye uzio. Barabara ya ndani imenyooka, mita nane safi, kisha inagonga mradi wa mwenzake. Na lile eneo lililoandikwa shule kwenye tangazo, rudi baada ya miaka mitano ukaliulizie.

Ethiopia walijaribu kitu cha namna hii kuanzia 2013 katika miji kama Hawassa, Mekelle, Adama na Bahir Dar: kuchora barabara kuu za eneo la upanuzi mapema na kuzilinda. Ardhi kule ni ya serikali kwa namna tofauti na yetu, na wakulima wa pembezoni wamekuwa na malalamiko yao makubwa juu ya fidia, kwa hiyo sisemi tunakili. Nasema kwamba nchi isiyo tajiri iliweza.

Tunachopenda zaidi sisi ni mji mpya. Kigamboni ilitangaziwa mji wa kisasa mwaka 2008, michoro ikawa na minara ya vioo na fukwe za watalii, na kwa miaka kadhaa wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri. Mtu hawezi kuongeza chumba, hawezi kukopa, hawezi kuuza kwa bei ya maana. Mpango ule mwishowe uliachwa. Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016 limeibadilisha Kigamboni kuliko ule mchoro wote, kwa sababu daraja ni njia, na njia ikifika watu wanajua la kufanya. Nikiambiwa nichague kati ya jiji mahiri lenye kamera na vihisio na greda moja inayozunguka Chanika mwaka mzima, nachukua greda.

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kwa mzaha, nalo ni nani anayekuwa kwenye ile meza. Ushirikishwaji wetu una sura inayojulikana: mkutano Jumamosi saa nne asubuhi, viti vya plastiki, wenye nyumba mbele, ofisa akieleza kwa lugha ya ofisini, kisha karatasi ya mahudhurio. Wapangaji hawaitwi, ilhali ndio wanaojaza uswahilini, chumba kwa chumba, kodi ya miezi sita mkononi. Mtaa ukiboreshwa, wao ndio wa kwanza kuongezewa kodi na kuhama. Mama lishe hayupo maana Jumamosi saa nne ndiyo saa ya kuinjika wali. Anayetembelea kiti cha magurudumu hakuweza kuvuka mtaro wa kufika ofisini. Machinga, ambao mwaka 2021 waliondolewa kandokando ya barabara jiji zima, wanaitwa wakishapangiwa pa kwenda.

Nairobi wana somo la kuongeza hapo, la pande mbili. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza makazi ya mabanda ya Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Badala ya kuitisha baraza moja la hadhara, wakazi waliojipanga kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mabanda, na washirika wao walishuka hadi makundi ya nyumba kumi kumi, wapangaji wakiwemo, na kujadili hata barabara ipi ipanuliwe na nani atasogea. Watu wengi walizungumza kwa utaratibu huo, kwenye ardhi ambayo hati zake nyingi zimeshikwa na watu wasioishi hapo. Baadhi ya barabara na mifereji ikajengwa. Kisha Novemba 2021 tingatinga likaingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara nyingine, na maelfu wakalala nje. Mashauriano ya miaka mingi yalifunikwa kwa siku chache na ofisi iliyokuwa na haraka. Wanaosifu Mukuru na kunyamazia tingatinga, na wanaotaja tingatinga na kunyamazia zile nyumba kumi kumi, wote wanapunguza habari.

Sisi huku nyumba kumi hatuhitaji kuzibuni. Tuna mashina na wajumbe tangu zamani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao mitaani wakiwa na simu za mkononi na karatasi, wakitembea na wenyeji kuchora mifereji, vichochoro na mahali maji yanapofika ukutani. Mjumbe aliyekaa shina moja kwa miaka thelathini anajua mkondo wa maji kuliko picha ya setilaiti. Zilipatikana ramani za kata nyingi kwa gharama ambayo mshauri elekezi wa kigeni angeitumia kwa tiketi na hoteli. Ujuzi huo umetumika zaidi kwenye mafuriko ya maeneo yaliyokwishajaa. Sijaona sababu ya vijana haohao kutopelekwa Msongola na Vikindu, ambako bado kuna cha kuokoa.

Na kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji mkopo wala sheria mpya. Ni ule mhuri. Karibu kila kiwanja cha pembezoni kinapita ofisi ya serikali ya mtaa, au ya kijiji kule Pwani, kabla ya kuhesabika kimeuzwa. Ofisi hiyo ikiwa na ramani moja ukutani yenye ile mistari mitatu, barabara, maji na maeneo ya umma, mwenyekiti anaweza kumwambia mnunuzi palepale: hapa panapita njia, sipigi mhuri, sogeza mpaka wako kule. Mnunuzi hatakasirika sana, kwa sababu bado hajatoa pesa yote, na tofali la kwanza halijashushwa. Wenyeviti wa sasa walichaguliwa Novemba 2024 na wana miaka mitano. Halmashauri inayotaka kuanza mwezi ujao inahitaji mchora ramani, mjumbe wa kila shina, mashine ya kuchapa karatasi kubwa, na agizo la mkurugenzi la ukurasa mmoja kwamba mhuri uliopigwa juu ya mstari wa barabara ni kosa la aliyeupiga. Ile asilimia kumi ya mtaa itapigania uhai wake, hilo nalijua. Basi ihalalishwe, iwe na risiti, na iende kwenye mafuta ya greda.